Namna ya kupata wajumbe wapya wa bodi: tulivyofanya sisi Muheza

Oktoba 2021 wafanyakazi wetu sita walikaa wiki saba bila mshahara, na hela ilikuwepo benki. Akaunti ilihitaji saini mbili kati ya tatu. Mtia saini wa kwanza alikuwa amefariki mwezi Agosti. Wa pili alikuwa amehamia Mwanza kwa mwanawe na simu yake haipatikani. Akabaki mmoja. Benki ikataka muhtasari wa kikao cha bodi unaoteua watia saini wapya, jambo la haki kabisa. Tukaitisha kikao, wakaja wajumbe wanne. Kwa katiba yetu akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wa kufanya kikao kiwe halali, ilikuwa watano. Tukaahirisha, tukaitisha tena, wakaja wale wale wanne.

Wa tano tulimpata kwa kumfuata shambani kwake na bodaboda. Alikuja na matope miguuni, akasaini mahudhurio, tukafanya kikao cha dakika ishirini na kuteua watia saini. Wafanyakazi wakalipwa. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilikuwa mjumbe wa bodi ile kwa miaka mitano na sikuwahi kujiuliza tuko wangapi kweli.

Shirika letu linahudumia watoto wenye ulemavu katika kata saba za wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Tunawatafuta majumbani, tunawapeleka kliniki, tunakaa na walimu wakuu mpaka mtoto aandikishwe shule. Mimi ni mratibu elimu kata mstaafu, na tangu mwaka ule ndiye ninayeongoza kamati ya uteuzi. Tumeingiza wajumbe wapya saba kwa awamu tatu, na wengine tuliowafikiria tukawaacha. Ninaandika kwa ajili ya mtu aliyeko pale tulipokuwa sisi, mwenye bodi ya watu tisa kwenye karatasi na wanne kwenye viti.

Anzeni na katiba

Kabla hujamfikiria mtu yeyote, kaeni watatu au wanne msome katiba ya shirika lenu kwa sauti, kifungu kwa kifungu. Sisi ilituchukua jioni mbili. Kifungu cha 14 tulikikuta kinazungumzia “watumiaji wa maji”, maana waanzilishi waliichukua katiba ya jumuiya ya maji wakabadilisha majina, na kifungu hicho kikawaponyoka. Miaka yote hiyo hakuna aliyekiona.

Tafuteni majibu ya maswali haya. Bodi inatakiwa kuwa na wajumbe wangapi, kima cha chini na cha juu? Nani anawachagua, Mkutano Mkuu au bodi yenyewe? Kipindi ni miaka mingapi, na mtu anaruhusiwa vipindi vingapi? Akidi ni ngapi? Mjumbe akifariki au akijiuzulu katikati ya mwaka, nafasi inajazwaje? Asiyehudhuria vikao vitatu mfululizo bila udhuru anafanywa nini? Na je, kikao kwa njia ya simu au mtandao kinahesabika? Yetu ilikuwa kimya kwenye ukomo, kimya kwenye utoro, kimya kwenye vikao vya mtandao. Tulipeleka marekebisho kwenye Mkutano Mkuu: miaka mitatu, vipindi viwili, basi, na utoro wa vikao vitatu ni sawa na kujiuzulu.

Kwa walioko Tanzania Bara, mashirika yetu yanasimamiwa na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, pamoja na marekebisho yake. Yale ya mwaka 2019 yaliweka ukomo wa miaka 10 kwa cheti cha usajili, kwa hiyo itafika siku mtahuisha cheti, na majina ya viongozi yaliyoko kwa Msajili wa mashirika haya yatatakiwa yafanane na watu walio hai. Mkibadili katiba au viongozi, Msajili aarifiwe. Wilayani anayeshughulika na mambo haya ni Afisa Maendeleo ya Jamii. Mwendee mapema, umuulize anataka nyaraka gani, maana ndiye atakayezipokea. Zanzibar wana sheria yao na Mrajis wao. Kenya nako, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika Mei 2024, kwa hiyo ndugu zetu wa huko wasome katiba zao wakiwa na sheria hiyo mezani.

Jambo moja ambalo watu hulichanganya sana: kama shirika lenu lina bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, hiyo ni kwa ajili ya kushika mali, kiwanja, nyumba, hati. Bodi ninayoizungumzia hapa ni ile inayosimamia kazi na fedha na kumwajiri mkurugenzi. Inawezekana watu wakawa wale wale, lakini majukumu ni mawili na kila moja lina karatasi zake.

Karatasi la manila

Tulinunua karatasi moja la manila, tukalibandika ukutani ofisini. Upande wa kushoto tukaandika majina ya wajumbe waliobaki, wanane. Juu tukaandika vitu ambavyo shirika kama letu linavihitaji mezani: anayeweza kusoma hesabu, anayejua sheria, anayejua afya ya mtoto, anayejua shule, anayeishi kata za mlimani kule Amani, mwanamke, mwenye umri chini ya miaka 40, mtu mwenye ulemavu, mzazi wa mtoto mwenye ulemavu. Kisha tukaweka alama ya vema kila inapostahili.

Walimu wastaafu watano, mimi nikiwemo. Mchungaji mmoja, shehe mmoja, ofisa kilimo mstaafu mmoja. Wanawake wawili. Chini ya miaka 40, hakuna. Anayeweza kuisoma mizania, yaani karatasi ya mali na madeni, akasema hapa pana tatizo, hakuna. Mtu mwenye ulemavu, hakuna. Mzazi, hakuna.

Hizo safu mbili za mwisho zilituumiza. Tulikuwa tunakwenda kwenye mikutano na kuitaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, tunawaambia walimu wakuu kwamba watoto hawa wana haki ya kushiriki, na mezani petu hakukuwa na mtu hata mmoja anayeyaishi hayo.

Fanyeni jedwali hili kwa uaminifu, na msilifanye kichwani. Kichwani kila mtu anaonekana anafaa kila mahali. Ukutani, nafasi tupu inaonekana na mgeni anayeingia kuomba maji. Nanyi mkiliangalia, chagueni mapengo mawili au matatu tu ya kuziba mwaka huu. Ukiingiza watu sita wapya kwa mpigo, wanaojua historia ya shirika watamezwa, na wapya hawatakuwa na wa kumuuliza.

Andikeni kazi yenyewe, ukurasa mmoja

Wengi huwafuata watu na maneno “tunaomba uwe mjumbe wetu, kazi si kubwa”. Hilo ni kosa, na sisi tulilifanya miaka mingi. Mtu uliyemwambia kazi si kubwa ana haki ya kutohudhuria.

Ukurasa wetu unasema hivi: vikao vinne kwa mwaka, kila kimoja kinachukua saa nne, siku ya Jumamosi. Mkutano Mkuu mmoja. Safari moja ya kutembelea familia, siku nzima, na barabara ya mlimani ni mbaya. Kusoma makabrasha kabla ya kikao, kurasa 30 hadi 40. Kuwa kwenye kamati moja, ya fedha au ya programu. Kutunza siri za familia tunazozihudumia. Kipindi ni miaka mitatu. Tarehe za vikao zinaandikwa mwanzoni mwa mwaka, na hatuweki kikao wakati wa masika, kwa sababu wajumbe wa Amani hawawezi kushuka, wala msimu wa machungwa ukishika kasi, kwa sababu nusu ya Muheza iko shambani na malori ya wanunuzi yanasubiri.

Halafu posho. Semeni siku ya kwanza, tena kwa maandishi. Ukilikwepa jambo hili, litakuja lenyewe kwenye kikao cha pili kwa njia ya manung’uniko. Sisi tuliandika: nauli halisi, chai na chakula cha mchana, posho ya kikao hakuna. Wapo waliosoma mstari huo wakatushukuru na kurudisha karatasi. Sina kinyongo nao hata kidogo, watu wana maisha.

Lakini kujitolea kusigeuke kuwa kazi ya wenye nacho peke yao. Mama mwenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo hawezi kukaa kikaoni saa nne bila mtu wa kubaki na mtoto, kwa hiyo tunamlipa huyo anayebaki. Mjumbe wetu kiziwi hawezi kushiriki bila mkalimani wa lugha ya alama, kwa hiyo mkalimani yumo kwenye bajeti, mstari wake mwenyewe, na haukatwi hata fedha zikibana. Mkiwa hamjatenga fungu hilo, msimwalike mtu huyo, maana mtakuwa mmemwalika akae kama picha.

Wapi pa kutafuta

Mazoea ni kutafuta mtu mkubwa. Ofisa mstaafu wa cheo, mfanyabiashara mwenye maduka, mtu ambaye jina lake likiwa kwenye barua wafadhili watatikisa kichwa. Tulikuwa naye mmoja. Kwa miaka mitatu alihudhuria mara moja, akafungua kikao, akaondoka kabla ya agenda ya pili. Wakati wote huo alihesabiwa kuwa mjumbe.

Bodi kazi yake kubwa ni kuuliza. Mkurugenzi na watumishi wanafanya; bodi inauliza hela imekwenda wapi, mtoto amefika wapi, kwa nini hiki na si kile. Kwa hiyo ninapotafuta mjumbe, ninatafuta mtu ambaye mahali pengine, tena padogo, ameonekana akiuliza na akawa hajagombana na watu. Watu hao hawana uhaba. Wako VICOBA, vile vikundi vya kijijini vya kuweka na kukopa. Wako kwenye kamati za shule, wale wanaosimama kwenye kikao cha wazazi na kudai kusomewa matumizi ya mchango wa madawati. Wako kwenye AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, na SACCOS, vyama vya akiba na mikopo. Ni wauguzi wastaafu ambao walikuwa wakali kwenye stoo ya dawa. Ni mawakili vijana walioanza kazi Tanga mjini na bado wanakumbuka kijijini kwao. Ni watu waliowahi kutusaidia kitu kidogo wakarudi baadaye kuuliza kilitumikaje.

Kwa pengo la ulemavu tulikwenda kwenye vyama vyenyewe. CHAVITA, chama cha viziwi, na Chama cha Wasioona wana watu ndani yao waliokwisha kuongoza vikao, kuandika taarifa, kubishana na halmashauri. Ulizeni huko, msiulizane ninyi kwa ninyi. Kwa pengo la hesabu, mhasibu mwenye CPA, cheti cha juu cha uhasibu, ni neema, lakini wilayani ni wachache na wanaombwa na kila mtu. Aliyeshika vitabu vya kikundi miaka kumi bila shilingi kupotea atawafaa, mkimpa mafunzo ya siku mbili ya kusoma hesabu zilizokaguliwa.

Tulibandika pia tangazo kwenye mbao za kata, likasomwa kanisani na msikitini. Yalikuja majina 11, na mawili yalikuwa mazuri sana, ya watu ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewafahamu. Fanyeni hivyo hata kama mna majina tayari.

Wa kuwaacha: mke, mume, ndugu wa mkurugenzi. Anayeliuzia shirika kitu chochote. Alikuja kwetu mfanyabiashara mmoja mkarimu, na kwenye mazungumzo ya pili akauliza zabuni ya baiskeli za magurudumu matatu inatangazwa lini. Anayejiandaa kugombea udiwani au ubunge mwaka unaofuata, kwa sababu picha ya mtoto wa mtu itaishia kwenye bango. Mtumishi wa halmashauri aliye kwenye ofisi inayotukagua, hata awe mwema namna gani. Atajikuta anajikagua mwenyewe.

Nendeni kwa mtu, msimpigie simu

Nieleze tulivyompata mweka hazina wetu wa sasa, maana nilijifunza kwake namna ya kuwapima wengine wote.

Nilikuwa nimesikia habari zake kwa mama mzazi mmoja. Alikuwa mtunza vitabu wa kikundi cha akina mama 28, wenye sanduku la bati la kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake. Nilimwendea Ijumaa jioni, nyumbani, na mjumbe mwenzangu. Alikuwa barazani anachambua mchicha.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba mwanangu. Habari za hapa?”

“Njema. Karibuni, kaeni mkekani. Mwalimu leo umepotea njia?”

Sikumwomba ujumbe siku hiyo. Nilimweleza shirika linafanya nini, nikamwachia bahasha: ule ukurasa mmoja wa kazi, katiba, na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita. Nikamwambia, “Soma kwa nafasi yako. Nitarudi Ijumaa ijayo, nataka kusikia maoni yako tu.”

Ijumaa iliyofuata nilimkuta amekwisha weka zile hesabu kwenye meza ndogo, amezifungua ukurasa wa matumizi, na kipande cha kibiriti amekiweka kama alama. Akaweka kidole kwenye mstari.

“Hapa, mwalimu. Mafuta ya gari, milioni sita na laki mbili. Gari mnalo?”

Nikamwambia hatuna, tunakodi, na tuna pikipiki mbili.

“Sasa gari la kukodi mafuta anatia nani, ninyi au mwenye gari? Maana huku chini kuna kukodi usafiri, milioni nne. Au hela moja imeandikwa mara mbili?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa kwenye kikao kilichopitisha hesabu zile, nikanyoosha mkono nikubali. Nilimwambia ukweli kwamba sijui, na kwamba nitauliza. Tulipouliza, ilionekana mafuta ya pikipiki na ya gari la kukodi yaliandikwa pamoja, na mkataba wa gari haukusema popote mafuta ni ya nani. Hela haikuibiwa. Ila mwaka uliofuata mkataba uliandikwa upya, na daftari la safari likaanza kujazwa kila siku, kilomita za kuondoka na za kurudi.

Tangu siku hiyo kila tunayemfikiria tunampa zile karatasi, tunamwachia wiki, tunarudi kusikiliza. Siangalii amekosoa nini. Naangalia amefungua au hajafungua. Wapo wanaokurudishia bahasha ikiwa imenyooka vile vile, wanakwambia “mambo yenu mazuri, niko pamoja nanyi”. Huyo nashukuru, nakunywa chai yake, naaga. Wapo ambao hesabu haziwaelei lakini wanauliza kuhusu watoto: mnasema mmewafikia 140, hawa waliotoka shule tena wako kwenye hesabu hiyo? Hilo nalo ni swali la mjumbe wa bodi, tena zuri.

Mazungumzo ya kwanza waende watu wawili tu, si ujumbe mzito wa watu watano. Mtu akiendewa na wazee watano anaona aibu kukataa, na “ndiyo” ya aibu haifiki kikao cha tatu.

Uchunguzi na majaribio

Akishaonyesha nia, ombeni wasifu wake, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na majina mawili ya watu wa kuuliza. Kisha waulizeni kweli. Mimi huuliza swali moja tu la maana: amewahi kushika hela au mali ya kikundi, na alipoondoka aliikabidhi vipi? Jibu likianza na kimya kirefu, nalisikiliza vizuri zaidi.

Sisi tunahudumia watoto, kwa hiyo kila mjumbe anasaini kanuni za ulinzi wa mtoto kabla hajatembelea familia yoyote, na tunauliza kijijini kwake, kwa staha, kama kuna lolote tunalopaswa kujua. Hapo hatutazami cheo wala umri. Anajaza pia fomu ya mgongano wa maslahi: biashara zake, ndugu zake walioajiriwa nasi, mashirika mengine aliyomo. Nakala hizo zinakaa kwenye kabati lenye kufuli. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika mwaka 2023, hatutumiani tena vitambulisho vya watu kwenye kundi la WhatsApp, jambo ambalo zamani tulilifanya bila kufikiri.

Kinachofuata ndicho kilichotusaidia kuliko vyote. Mtu anaalikwa kwenye vikao viwili kama mwalikwa, bila kura, na kati ya hivyo viwili anakwenda siku moja mashambani na watumishi. Anaona bodi inavyobishana, na bodi inamwona. Mtumishi mstaafu wa benki, mtu tuliyemtaka sana, alihudhuria kikao kimoja, akaenda mlimani, akarudi akaniambia, “Mwalimu, nimewaona wale watoto, sina nafasi ya kuwatendea haki. Nitawachangia, lakini kiti mpeni mwingine.” Nilimpa mkono. Angeingia kwa kuogopa kutuvunja moyo, tungekuwa tumejaza nafasi na kubaki na pengo lile lile.

Kuchaguliwa na makaratasi

Kamati ya uteuzi inapeleka majina kwenye bodi, bodi inayapendekeza, Mkutano Mkuu unachagua. Kwetu ndiyo katiba isemavyo, fuateni yenu. Muhtasari uandikwe majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, kura ngapi, kipindi kinaanza na kuisha lini. Mjumbe apewe barua ya uteuzi, naye aandike ya kukubali. Taarifa iende kwa Msajili kupitia mfumo wake wa mtandao, na nakala ngumu mzihifadhi. Kama kuna watia saini wanaobadilika, nendeni benki mwezi huo huo na muhtasari wenye mhuri, vitambulisho na picha za pasipoti. Msiseme tutakwenda mwezi ujao. Mnakumbuka wiki saba zetu.

Pangeni vipindi visiishe pamoja. Sisi tulipiga kura ya karatasi kwenye kofia: watatu mwaka mmoja, watatu miwili, watatu mitatu, kisha wote miaka mitatu mitatu. Kwa hiyo kila mwaka viti vitatu vinajadiliwa, na sita wanabaki wanaojua mambo yalipo.

Wanaoondoka

Hili ndilo gumu, na miongozo mingi hulipita haraka. Nafasi haipatikani mpaka mtu atoke, na watu wanaotakiwa kutoka ni wazee wetu, waanzilishi, wengine ndio waliotoa viwanja. Usimwondoe mtu kwa barua. Mwenyekiti wetu wa zamani nilimwendea asubuhi, tukaongea habari za mashamba, za wajukuu, ndipo nikamwambia, “Mzee, katiba mpya imetuwekea ukomo sote, na mimi wangu unakuja. Tunataka kujua nani ashike kiti chako, wewe mwenyewe useme.” Alinyamaza kidogo, akasema amekuwa akingoja mtu amwambie apumzike, kwa kuwa masikio hayasikii tena vikaoni. Alitutajia majina mawili. Mmoja wao sasa ni mwenyekiti.

Tulimuaga kwenye Mkutano Mkuu, kwa heshima zake zote, na Mkutano ukamwita mlezi wa shirika. Mlezi hana kura na hahesabiki kwenye akidi. Hilo liandikeni wazi. Lakini tukiwa na jambo na kijiji, yeye ndiye anayetutangulia.

Miezi sita ya kwanza

Mjumbe mpya mpeni mwenzake wa kumshika mkono, mmoja wa wale wa zamani, wa kumpigia simu kabla ya kikao na kumweleza hili limeanzia wapi. Makabrasha yamfikie siku saba kabla, si usiku wa kuamkia. Kwenye kikao, mwenyekiti amwite kwa jina angalau mara moja atoe maoni, na wenyeji wasimkatize na “hilo tulishalijaribu”. Mama mzazi wetu alikaa vikao viwili bila kusema neno. Cha tatu, tulipokuwa tunajadili siku ya kliniki, alisema kwa sauti ya chini, “Jumatano ni gulio. Mama mwenye mtoto mgongoni atachagua gulio, kwa sababu huko ndiko anapata hela ya kula.” Tulikuwa tumehangaika mwaka mzima na mahudhurio ya kliniki. Siku ikahamishiwa Alhamisi.

Wala msimgeuze mjumbe kuwa mtumishi wa bure. Aliyeingia kwa ajili ya hesabu asipewe kazi ya kuandika vitabu. Atakuwa anasimamia kazi ya mkono wake mwenyewe, na mhasibu wenu atabaki hajui cha kufanya. Wakili wetu anasoma mikataba na kutuambia penye hatari. Kesi tunampa mwingine.

Januari inayokuja viti vitatu vinafika mwisho, kimoja ni changu. Kwenye daftari nina majina matano: muuguzi mstaafu wa kata ya mlimani, kijana anayetengeneza baiskeli za magurudumu matatu asiyetuuzia chochote, mama wa kamati ya shule, na wawili niliowasikia tu. Bahasha za muuguzi ziko tayari mezani. Ijumaa hii, mvua isiponyesha, napanda kwake.